Anaclet Kalenga, Mnusaji wa Samaki Aliyeshonewa Pua kwa Ngozi ya Mkono Wake (1912–1958)

Ndugu, jamaa na majirani wote wa cité Albert, poleni kwa msiba, na poleni kwa jua hili. Tumekuja kumsindikiza ndugu yetu Anaclet Kalenga. Familia imeona maisha yake yasomwe jinsi yalivyokuwa, bila kuyapaka poda, na atakayecheka asione haya. Marehemu hakupenda matanga ya kununa. Alipokuwa hai alikwenda msiba wa watu akarudi akilalamika kwamba wamelia vibaya.

Anaclet alizaliwa tarehe 13 Julai 1912 katika kijiji karibu na Bukama, mtoto wa kwanza wa marehemu Faustin Kalenga na Mama Adolphine. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918, baba yake alipata kazi ya kubeba mataruma, na ilikuwa reli hiyohiyo iliyoileta familia huku Élisabethville. Mama Adolphine husema mtoto huyu alitanguliza pua kuja duniani. Wakunga waliokuwapo wamefariki, kwa hiyo hatuna wa kumpinga. Mdogo wake Liévin alipozaliwa, alikuja na pua ileile: fupi, pana, matundu yakitazama mbele kama ya mtu aliyesikia habari mpya.

Alisoma shule ya mapadri hapa mjini kuanzia 1921 hadi 1927. Kwa hesabu alikuwa wa katikati, kwa katekisimu wa chini kidogo, lakini kwa kunusa hakuwa na mwenzake. Siku moja divai ya misa ilipungua, na padri akawapanga wanafunzi mstari akamwambia Anaclet apite akiwanusa. Alipita mstari wote, akafika mwisho, akageuka, akamnusa katekista aliyesimama nyuma na fimbo. Padri alifunga uchunguzi palepale. Katekista alimchapa Anaclet wiki nzima kwa makosa mengine mbalimbali.

Mwaka 1930 kipaji hicho kilimpatia kazi. Mgiriki mmoja, Bwana Kostas, alikuwa akinunua samaki Kasenga, kwenye mto Luapula, na kuwaleta Élisabethville kwa lori, wamelazwa kwenye barafu. Samaki mmoja aliyeoza akiingia katika sanduku huwaharibu wenzake wote, basi Bwana Kostas alitaka mtu wa kuwakagua kabla ya kupakia. Anaclet aliinua kifuniko cha shavu la samaki, akaingiza pua yake ndani, akavuta pumzi, akatoa hukumu. Akisema apakiwe, alipakiwa. Akisema hapana, mvuvi angeweza kulia machozi, samaki alirudi majini. Wavuvi walimwogopa kuliko mkusanya kodi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Victorine Mwape, binti ya Mzee Chomba, mvuvi wa Kasenga ambaye baadaye alihamia mjini kushona nyavu. Victorine alikuwa akiuza samaki wa baba yake, na Anaclet alizoea kuwanusa samaki hao mara mbilimbili, ingawa mara ya pili macho yake hayakuwa kwenye samaki. Mapema mwaka 1938 wazee walikaa, uchumba ukakubaliwa, na zawadi za kwanza zikapokelewa. Lilibaki jambo moja tu, kijana aje kupiga magoti rasmi mbele ya baba mkwe.

Hapo ndipo tarehe 6 Agosti 1938 ilipoingilia kati. Asubuhi hiyo, ukingoni Kasenga, mtumbwi mmoja ulileta manda, yule samaki wa Luapula mwenye meno ya nje kama mbwa asiyejua kufunga mdomo. Mvuvi alimwonya.

"Angalia, monsieur. Ile ingali nzima."

"Weye njo utanifundisha samaki?" Anaclet alimjibu. "Mi ninanusa tangu 1930."

Kisha, kwa majivuno ya fundi, hakuinua shavu. Aliinama moja kwa moja mdomoni. Manda akafunga mdomo. Watu walipomnasua, sehemu yote ya mbele ya pua haikuwapo, na samaki alikuwa amekwisha kuimeza. Anaclet, damu zikimchirizika mpaka shingoni, aliketi chini, akajifunika kwa shati, na kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na mafua akasema neno ambalo Bwana Kostas alilisimulia hadi uzeeni:

"Iko frais. Pandisha."

Samaki, aliyehukumiwa kuwa hajaoza, alipakiwa. Aliuzwa hapa mjini siku ya pili, na hadi leo hatujui ni familia gani ilimla. Kama mpo hapa, hatuna kinyongo.

Kidonda kilikauka, na pakabaki shimo. Sasa lazima isemwe wazi, kwa ajili ya vijana, shimo hilo lilikuwa na maana gani. Kwa wazee, mtu asiye na pua ama ameliwa na ugonjwa wa aibu, ama amekatwa na mfalme wa zamani kwa kulala na mke wa mtu. Sababu ya samaki haikuwamo katika orodha. Mzee Chomba alimwita Liévin na kumpa ujumbe.

"Mi sikatae muntu. Minakataa ile kishimo. Bantu batasema Chomba anatoa mutoto kwa mwizi ya babibi. Mwambie mukubwa yako alete pua mbele ya mvula. Mvula ikianguka na pua haiko, Symphorien ataingia."

Symphorien alikuwa karani kutoka Kasai, mwenye viatu vinavyolia na pua kamili, tena ndefu kuliko mahitaji. Alikuwa amekwisha kupita mara mbili mbele ya nyumba, akitembea polepole ili viatu vifanye kazi yao. Mvua za Katanga huanza Oktoba. Anaclet alikuwa na majuma machache ya kutafuta pua, au kumpoteza Victorine.

Katika hospitali ya Weusi alikuwapo daktari Mbelgiji mmoja, Daktari Delvigne, ambaye ujanani mwake alishona nyuso za askari waliopasuliwa na mabomu katika vita vya Wazungu. Alimtazama Anaclet usoni kwa furaha kubwa, jinsi fundi saa anavyoitazama saa iliyoharibika vizuri.

"Pua imekufa," alisema, "lakini mukono iko muzima. Tutaomba mukono isaidie."

Alieleza hivi. Ngozi nene ukiikata yote na kuibandika mahali pengine, hunyauka kwa kukosa damu. Kwa hiyo angechora umbo la pua ndani ya mkono, juu, karibu na kwapa, akate pande tatu na kuuacha upande wa nne ukiwa umeshikamana na mkono, ili damu iendelee kuilisha. Kisha angeuinua mkono mpaka usoni, aushone ule ulimi wa ngozi penye shimo, na kuufunga mkono pamoja na kichwa kwa plasta. Baada ya wiki tatu, ngozi ikishazoea kunywa damu ya uso, angeikata kutoka mkononi. Mwisho angetoa kipande cha gegedu, ule mfupa laini, ubavuni, akisimamishe ndani kama mhimili wa hema. Mkono ukichomoka kabla ya siku zake, ngozi itakufa, na hapatakuwa na pua.

Daktari akaomba kitu kimoja tu: picha ya pua ya zamani, ili akate mfano wa karatasi. Picha haikuwapo. Ndipo familia ilipokaa baraza kuchagua pua. Mama Adolphine alitaka pua ya babu, aliyekuwa mtu wa heshima. Shangazi mmoja alishauri ndogo zaidi, kwa kuwa ile ya mwanzo ndiyo iliyomponza. Mjomba alisema, maadamu Mzungu anatengeneza bure, waombe kubwa. Walibishana tangu asubuhi, chakula kikapoa, mpaka Anaclet akapiga meza.

"Minataka yangu! Ileile! Liévin anaivaa pale, muende muipime!"

Basi Liévin alilazwa mezani hospitalini, akapimwa pua kwa karatasi na mkasi mbele ya watu, na tangu siku hiyo akawa akidai heshima ya baba mzazi.

Upasuaji ulifanyika Jumanne tarehe 20 Septemba 1938. Anaclet alipozinduka, mkono wake wa kulia ulikuwa umepita juu ya uso, kiganja kikishika utosi, plasta imezunguka kote, macho mawili tu yanachungulia. Tukumbuke kwamba mtu huyu aliishi kwa pua. Na pua hiyo, au kitakachokuwa pua, sasa ilikaa mchana na usiku jirani kabisa na kwapa lake mwenyewe, katika joto la Septemba, bila ruhusa ya kuoga. Siku ya nne aliomba aletewe padri. Padri alipomuuliza kama anataka kuungama, alijibu kwamba hapana, anataka tu kupata harufu ya mtu mwingine. Inzi wakitua juu ya ngozi mpya, alihisi wametua mkononi, maana mishipa ilikuwa bado ya mkono, akawa akijikuna mahali ambapo hapakuwa na inzi. Liévin alimlisha bukari, ugali wa huku, kwa tonge ndogo, akimfukuzia inzi kwa gazeti.

Ijumaa ya tarehe 30, mbingu zilinguruma upande wa Kipushi. Tone halikuanguka, lakini Mzee Chomba alituma ujumbe kwamba kwa watu wa Luapula ngurumo ni mvua iliyo njiani, na kwamba Jumapili anapokea wageni. Atakayekuja kwanza atasikilizwa kwanza. Mama Adolphine alilia. Liévin alikwenda kubishana kwamba ngurumo si mvua, akaambiwa aende akabishane na mbingu. Daktari Delvigne alikuna kichwa, akaongeza plasta mbili.

"Enda, lakini mukono isitoke. Ikitoka, mi sina pua ingine."

Jumapili tarehe 2 Oktoba walitembea polepole kutoka hospitali hadi kwa Chomba, Anaclet katikati, Liévin akimshika kiuno. Watu waliokuwa wakitoka misa walisimama. Walifika kabla ya Symphorien, aliyekuwa amechelewa kwa kupaka viatu rangi. Familia yote ya Kalenga ilikuwa imeiwaza pua tangu Agosti, ikaiombea, ikaigombania. Hakuna hata mmoja aliyeuwaza mkono.

Maana desturi ya watu wa Luapula mnaijua. Anayeomba mke hupiga magoti mbele ya baba mkwe na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, mpaka mzee aitikie. Bila makofi hakuna salamu, na bila salamu hakuna mazungumzo. Anayekaa kimya ameitukana nyumba. Anaclet alipiga magoti, akainua mkono wa kushoto, na mkono ule ukabaki hewani ukimtafuta mwenzake.

Mzee Chomba alisubiri. Ua mzima ulisubiri. Anaclet alijaribu kupiga paja.

"Anaita imbwa?" Mzee Chomba aliuliza bila kumtazama.

Hapo Anaclet alifanya kitu ambacho Liévin hukisimulia hata leo. Alipeleka mkono wa kushoto kwenye fundo la bandeji na kuanza kulifungua. Aliamua pua iende, ampate Victorine. Kwamba bila pua Victorine naye asingempata, hilo halikumjia akilini. Mapenzi hayajui hesabu. Tabaka la kwanza likafunguka, la pili likalegea.

 Liévin alijitupa chini, goti kwa goti na kaka yake, akaukamata ule mkono wa kushoto kabla haujafika tabaka la tatu, akaupiga kwa kiganja chake cha kulia. Pah. Akaupiga tena. Pah. Anaclet akaelewa. Wakapiga pamoja, mkono mmoja wa huyu na mmoja wa yule, mwanzoni kwa kukosana, kisha vizuri, taratibu, jinsi desturi inavyotaka.

"Minasalimiwa na bantu bangapi?" Mzee Chomba aliuliza.

"Na muntu moja, tata," Liévin alijibu, akimwita baba kwa heshima. "Ule mukono ingine iko ku kazi."

Kutoka nyuma ya mlango wa jikoni kilisikika kicheko, na kila mtu alijua ni cha nani. Mzee Chomba alijitahidi kununa. Midomo ilimshinda, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaivaa tena, akaitikia salamu, akatoa sharti lake mbele ya mashahidi.

"Minakubali. Lakini ile pua, siku itaanguka, mutoto yangu anarudi kwangu. Munasikia bote?"

Wote walisikia. Symphorien alifika wakati wa kugawa pombe, akapewa kiti, akanywa, na kwa haki tuseme alikunywa kiungwana. Tarehe 11 Oktoba daktari aliukata mkono kutoka usoni. Ngozi ilibaki, nyekundu, hai. Mwezi Januari alichukua gegedu la ubavu na kumaliza kazi. Harusi ilifungwa kanisani Jumamosi tarehe 15 Aprili 1939, na padri alihubiri kwamba Adamu alitolewa ubavu akapewa mke, na Anaclet vilevile, tofauti ikiwa kwamba Adamu alilala tu na Anaclet alihangaika.

Pua mpya ilikuwa na tabia zake. Ngozi ya ndani ya mkono haijapigwa na jua, kwa hiyo ilikuwa nyeupe kuliko uso wote. Miaka ya baadaye, ilipokuja habari ya kuwatafuta Weusi wenye maendeleo, wanaohesabiwa karibu na Wazungu, jirani zake walisema pua ya Anaclet imekwisha kuwa évolué, inamsubiri mwenyewe. Hata hivyo ilinusa sawasawa. Alirudi kwa Bwana Kostas na kufanya kazi hadi 1956, na wavuvi walipojaribu kumdanganya kwa kuwa pua si ya asili, walikiona cha mtema kuni. Manda aliwanusa kwa mbali, mikono nyuma.

Na kila Pasaka, Mzee Chomba alikuja kukagua. Alikula kwanza, akanawa, akamwita mkwewe karibu, akaishika pua kwa vidole viwili na kuivuta. Watoto walipanga mstari kutazama. "Bado iko," alikuwa akisema, na Victorine alibaki kwa mumewe mwaka mwingine. Tulikuwa tukicheka. Anaclet naye alicheka, lakini Liévin anasema kila Kwaresima ilipoanza kaka yake hakulala vizuri, na alikuwa akiigusa pua yake gizani.

Ugonjwa ulimwanza Novemba 1957, figo. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyuma. Mwili ulikonda, na mwezi Mei mwaka huu gegedu lililokuwa likishikilia pua liliisha nguvu. Pua ililala upande mmoja, kisha ikazama. Anaclet alijifunika taulo usoni, akakataa kuonwa hata na watoto. Siku ya tatu alimwita mkewe, na Liévin alikuwapo mlangoni.

"Mama Victorine," alisema ndani ya taulo, "tata alisema mbele ya bantu. Pua imeanguka. Iko haki yako. Kama unataka kuenda, sitakasirika."

Victorine alikuwa akichuja uji. Aliweka sufuria chini.

"Anaclet, sikiliza. Ile mwezi ya manane, mbele docteur akushone, mi nilifika ku hospitali na bukari. Ulikuwa unalala. Banakutoa bandeji kwa kusafisha. Hakuna muntu alinifukuza. Nilikuangalia mu kishimo mpaka ndani kabisa. Nikasema, bon, njo huyu. Banamuke bengine banaona bwana yabo inje tu, miye nimemuona mpaka ndani. Pua ilikuwa ya kupatia tata. Miye sikuiomba."

"Na kwa nini haukuniambia? Miaka yote hii!"

"Ulikuwa unaipenda sana," alisema Victorine. "Kunywa uji."

Anaclet alitoa taulo, akanywa uji. Hakulivaa tena. Watoto waliingia, wajukuu wakaingia, na wa mwisho kuingia alikuwa Mzee Chomba, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alipapasa uso wa mkwewe, akakuta mahali pamelala. Kisha akaketi chini, kwenye mkeka, akaanza kumpigia makofi Anaclet, taratibu, jinsi mkwe anavyompigia mzee. Anaclet alimwitikia.

Anaclet alifariki Alhamisi tarehe 5 Juni 1958, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mkewe akimshika mkono wa kulia, ule wenye kovu. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Tunamshukuru Daktari Delvigne, aliyetuma maua kutoka Ubelgiji na kuuliza kama gegedu lilidumu muda gani, kwa kuwa anaandika kitabu.

Marehemu ameacha mjane, Victorine Mwape, watoto watano, Clotilde, Gérard, Jeanne, Annie na Adalbert, wote wakiwa na pua zao za kuzaliwa, wajukuu wawili, mama yake mzazi, Mama Adolphine, na mdogo wake Liévin. Ameacha pia Mzee Chomba, ambaye jana usiku tulipokuwa tukiandika karatasi hii alituomba tufute neno "mkwe" mbele ya jina la marehemu, na mahali pake tuandike "mwanangu". Tumefuta.

Apewe usingizi wa amani, na uso wowote Mungu atakaomvisha huko, Victorine atamtambua.